Kijana Asiyejibu Wakubwa

Afisa aliyekuja kunihoji alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hilo likanipa moyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa kiraia, mkononi ana daftari na karatasi za maswali. Nilimwandalia chai ya maziwa na mahamri. Mahamri hakuyagusa, chai akaimaliza.

Kazi yake ni kuchunguza maisha ya wanaoomba kuwa polisi wa jiji la Minneapolis. Aliuliza kijana wangu ameishi wapi na wapi tangu aje Marekani, anadaiwa na nani, anakunywa, anavuta, akikasirika hufanya nini. Nilijibu yote. Kisha akasema: nielezee siku moja ambayo hamkukubaliana, naye akakwambia waziwazi.

Nikacheka. Nikasema kwa fahari, kama ambavyo mzazi yeyote wa kwetu angesema: "Huyu? Huyu hajawahi kunijibu hata siku moja."

Akaandika. Kisha akainua macho, akangoja, kana kwamba bado nina la kuongeza.

Sikuwa na la kuongeza.

Wiki zimepita, na kule kungoja kwake bado kunaniwasha.

## Mhasibu tuliyempoteza

Alipofariki dada yangu nilimchukua mwanawe, nikamleta huku akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Nimemlea Brooklyn Park, mji jirani na Minneapolis, mahali ambapo ukienda dukani kununua unga wa ugali utasikia Kiswahili na Kikisii kabla hujasikia Kiingereza. Akasoma, akamaliza shahada ya uhasibu. Tulipiga picha, tukazituma Changamwe, Mombasa, mama yangu akazionyesha mtaa mzima.

Mwaka mmoja baadaye, mezani, akaniambia hivi: "Mama mdogo, mnaonaje nikijaribu polisi?"

Angalieni namna alivyolisema. Maombi alikuwa ameshayatuma. Jambo alikuwa ameshaliamua. Lakini kwangu alilileta kama swali, lina upole na mlango wa kutokea. Wakati huo sikuona ajabu yoyote, kwani ndivyo anavyoniambia kila kitu.

Nilimuuliza kwa nini Minneapolis, katika majiji yote ya dunia. Akanipa sababu za kivitendo kwanza. Idara ilikuwa na maofisa kama 900 mwanzoni mwa 2020. Kufikia 2024 ilikuwa imeshuka chini ya 600, na Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua mwaka 2022 kwamba meya analazimika kuwa na 731 au aeleze kwa nini hana. Jiji linatafuta watu kwa tochi. Mwaka 2024 lilikubali kuwaongezea mshahara kwa zaidi ya asilimia 21 katika miaka mitatu. Na mtu mwenye shahada ya jambo jingine huchukuliwa kama kadeti, akalipwa huku akisomea yale masomo ya upolisi yanayotakiwa na bodi ya leseni ya jimbo.

Halafu akanipa sababu yake yenyewe. Akasema mambo hayawezi kubadilika kama kila mwenye roho nzuri anakaa nje akilaumu.

Ishikeni sentensi hiyo. Nitairudia.

## Uwanjani kwetu

Kwetu Kenya sote tunajua polisi huandikwaje. Vijana hufurika uwanjani alfajiri, wanakimbia miguu mitupu, wanapimwa urefu, wanafunguliwa kinywa wahesabiwe meno. Binamu yangu alikuwa mmoja wao mwaka 2014. Alikimbia vizuri, akachukuliwa, tukachinja kuku. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikafuta usajili wote wa makuruta 10,000, kwa kuwa ulijaa rushwa na kasoro nyingine. Kuku alikuwa ameshaliwa. Baadaye alirudi uwanjani, akakimbia tena, akaingia chuo cha polisi cha Kiganjo kwa haki, na tangu hapo ametumwa kila pembe ya nchi isipokuwa Pwani.

Kwa hiyo nilitarajia mbio. Mbio zilikuwapo, lakini zilikuwa jambo dogo kuliko yote. Huku hawakuhesabu meno, walihesabu madeni. Walitaka faini zake za barabarani, kadi zake za benki, alichoandika mtandaoni akiwa sekondari. Walizungumza na msimamizi wake wa kazi na jirani wetu wa juu. Daktari wa akili alimpa mamia ya maswali, kisha akaketi naye uso kwa uso. Mambo haya yalichukua miezi, na kila barua iliyokuja ilileta hatua nyingine.

Ninakiri kwamba nilivutiwa. Hakuna aliyeuliza "nani anakujua?" kwa ile maana yetu.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba hawa si polisi wa serikali kuu. Nchi hii ina vyombo vya polisi vinavyokaribia 18,000, kila kimoja na mkuu wake, sare yake, mkataba wake na chama chake cha wafanyakazi. Brooklyn Park tuna wetu. Ukivuka barabara uko Brooklyn Center, nao wana wao. Afisa akiharibu Minneapolis, anayelipa ni Minneapolis, kwa kodi ya wakazi: dola milioni 27 kwa familia ya George Floyd, yule mtu mweusi aliyekufa afisa akimkandamiza shingo kwa goti, milioni 20 kwa familia ya Justine Ruszczyk Damond.

Na jina hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi kwanza.

## Yule aliyekuwa wetu

Mohamed Noor hakuwa Mkenya, lakini sisi tuliotoka upande ule wa dunia tulimhesabu. Alikuwa afisa wa polisi Minneapolis, Msomali aliyekuja akiwa mtoto mkimbizi. Alipopewa beji na kupangiwa kituo chake, meya wa wakati huo alimkaribisha hadharani. Watu walipiga picha naye. Wamama walimtazama wakawatazama wana wao.

Julai 2017, usiku, Damond, mwanamke wa Australia, alipiga simu akasema amesikia kama mwanamke anashambuliwa nyuma ya nyumba yake. Noor na mwenzake wakaja. Damond akatoka kuwakaribia akiwa na nguo za kulalia. Noor, akiwa ndani ya gari, akampiga risasi, akafa.

Aliyekufa ni mtu aliyeita msaada kwa ajili ya mwingine. Siachi kulikumbuka hilo, hata ninapoyasema yanayofuata.

Noor akawa afisa wa kwanza Minnesota kupatikana na hatia ya mauaji kwa kupiga risasi akiwa kazini. Mwaka 2021 mahakama ya juu iliifuta hatia hiyo, ikabaki ile ndogo ya kuua bila kukusudia. Lakini kwenye mazishi na harusi zetu mazungumzo yalikuwa yamekwisha kukamilika: mtoto wetu akifaulu ni wao wote wamefaulu, akikosea amekosea peke yake, na sisi tunaulizwa. Rafiki yangu mmoja, tunayefanya naye kazi zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, aliniambia nimchomee kijana ile barua ya kuitwa. Hakuwa anatania.

Sikuichoma. Nilianza kusoma.

## Kiti cha pembeni

Nilikuwa nadhani anayefundisha polisi ni chuo. Nilijitayarisha kuogopa chuo: bastola, pingu, mazoezi ya kuangushana. Kijana akanieleza kwamba chuo kikiisha ndipo mafunzo yanapoanza. Kwa miezi kadhaa anaingia gari la doria pamoja na afisa mzoefu. Huyo ndiye mkufunzi wake. Humwonyesha jinsi ya kusimamisha gari, jinsi ya kuandika ripoti, mtaa gani una nini. Na humpa alama. Kila zamu ina karatasi yake ya alama. Alama zikiwa mbaya, kuruta yuko kwenye majaribio na anaweza kurudishwa nyumbani kabla hajajua alikosea wapi.

Nikamuuliza: mkufunzi anachaguliwaje?

Akasema wanasema siku hizi wanachuja sana.

Siku hizi. Basi nikarudi kwenye Mei 25, 2020, kona ya barabara ya 38 na Chicago Avenue, habari niliyodhani naijua kwa kuwa niliishi ndani yake. Nimeitazama ile video kama wengine wote, na kama wengine wote macho yangu yalibaki kwenye goti. Safari hii niliwatazama wale wawili waliokuwa wamemshika Floyd mgongoni na miguuni.

Thomas Lane na J. Alexander Kueng walikuwa hawajamaliza hata wiki moja tangu waanze kufanya kazi kama maofisa kamili. Kueng alikuwa na miaka 26, baba yake mweusi, mama yake mzungu. Kwa maelezo ya familia yake, aliingia polisi akiamini kwamba mabadiliko yangeweza kuanzia ndani.

Ile sentensi ya mezani kwangu.

Na Derek Chauvin, mwenye goti, miaka 19 kazini, ndiye aliyekuwa mkufunzi wa Kueng barabarani.

Niliifunga simu. Nikaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Baadaye nikakumbuka Brooklyn Center, dakika chache kutoka kwangu, Aprili 2021. Afisa Kim Potter alisema alidhani ameshika kile kifaa cha kupiga shoti, kumbe mkononi ni bastola, na Daunte Wright, miaka 20, akafa. Potter alikuwa na miaka 26 ya kazi. Alikuwa barabarani siku hiyo akimfundisha kuruta.

Hakuna daktari wa akili anayeweza kumpima kijana wangu dhidi ya mtu ambaye bado hajakaa naye gari moja.

## "Aliuliza"

Nilimsubiri Jumamosi, siku asiyoenda popote. Nikamwambia niliyoyasoma. Nikamwambia kwamba kanuni ya idara iliyomtaka afisa amzuie mwenzake anayetumia nguvu kupita kiasi ilikuwapo tangu 2016, miaka minne kabla ya Floyd. Karatasi ilikuwapo na mtu akafa. Baada ya kifo kile jimbo zima likaiweka katika sheria. Itasaidia nini?

Akasema wanafundishwa siku hizi namna ya kumkatiza mkubwa, wanafanya kama igizo, mmoja anajifanya mkufunzi aliyepotoka. New Orleans walianza mafunzo ya aina hiyo kabla hata ya Floyd.

"Lane alimwambia," nikasema. "Alimwambia wamgeuze ubavu. Mara mbili. Ikasaidia nini?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, taratibu: "Hapana, mama mdogo. Hakumwambia. Aliuliza."

Nikatafuta maneno yenyewe. Ni kweli. Lane aliuliza: tumgeuze ubavu? Chauvin akasema hapana, abaki alipo. Kueng alitafuta mpigo wa damu mkononi mwa Floyd, akasema haupati. Goti halikuondoka. Dakika 9 na sekunde 29. Wote wawili walifungwa: kwa mashtaka ya jimbo, Lane miaka mitatu, Kueng mitatu na nusu, sambamba na vifungo vya serikali kuu. Mawakili wao walilisema hilo katika kesi ya serikali kuu, kwamba walikuwa wageni wakimfuata mkubwa wao. Baraza la mahakama, wale raia wanaoamua hatia, halikulikubali.

Aliuliza.

Kwetu mtoto akiitwa huitika "naam", si "nini". Baba akipita njia isiyo yake, mtoto aliyefunzwa hasemi "umepotea". Anasema, "Baba, hivi ile nyuma haikuwa njia yetu?" Na baba ana nafasi ya kusema "nilijua, nilitaka kukuonyesha kitu." Kila mtu anabaki na heshima yake. Niliona hilo kwa nyanya yangu, nikalipokea kwa mama yangu, nikalipanda kwa kijana huyu, na likaota vizuri kuliko nilivyotarajia.

Hata mimi kazini ni hivyohivyo. Tunaambiwa kila mwaka kwamba yeyote, hata mfagiaji, anaweza kusimamisha jambo likiwa si salama kwa mgonjwa. Sisi wanawake wa Afrika Mashariki tunaitikia kwa kichwa, tunatia sahihi, kisha tunamwendea daktari kwa ubavu: "Daktari, hii dozi… ni sawa, eeh?" Tunajua kabisa si sawa. Mara nyingi anaangalia, anashukuru. Mimi nina bahati kwamba madaktari wengi ninaofanya nao kazi wanasikia swali.

Wapo wasiosikia maswali.

Lakini sitaki mtu anisome vibaya. Chauvin hakulelewa Mombasa. Lane naye hakufundishwa kuitika "naam". Kunyamaza mbele ya mwenye cheo hakuhitaji mila zetu. Yanatosha karatasi ya alama, kipindi cha majaribio, na hamu ya kijana ya kupendwa na watu wa zamu yake. Na adabu hiyohiyo nimeiona ikifanya kazi ambayo bastola haiwezi. Jirani wetu wa chini, mzee wa makamo, akilewa huwa anataka kuendesha gari. Watu humpigia kelele naye huzidi. Kijana wangu humwendea, humwita mzee wangu kwa Kiingereza chake cha huku, huketi naye kwenye ngazi, na baada ya muda unamwona anarudi na funguo mfukoni. Hajawahi kumshika hata bega.

Kama wangekuwa wanaajiri kwa hilo tu, ningempeleka mwenyewe.

Ninachojiuliza ni kama mtu mmoja anaweza kuwa na sauti mbili: moja ya kwenye ngazi na moja ya kumwambia mkufunzi wake "ondoa goti." Bila "samahani." Bila "labda." Kwa mtu atakayempa alama jioni ileile. Serikali ya jimbo ilichunguza idara hiyo ikatoa ripoti Aprili 2022, ya serikali kuu ikafuata Juni 2023, na zote mbili zilikuta ubaguzi wa rangi uliokomaa. Mabadiliko yanayodaiwa yanajaza kurasa nyingi. Nimezipitia baadhi. Mwisho wake yote huishia ndani ya gari, usiku, watu wawili.

Nilimwambia hivyo. Akasema anajua. Akasema pia kwamba ndiyo maana anaenda. Hatukufika mbali zaidi ya hapo.

## Jumapili

Lipo jambo jingine ambalo tulikuwa hatujalimaliza. Mama yangu, nyanya yake, alikuwa hajui. Changamwe nilikuwa nimewaambia kijana amepata "kazi katika ofisi za jiji", nao wakachukulia ni uhasibu. Mama ameuza mahamri na mbaazi kando ya barabara tangu nikiwa mdogo. Polisi kwake ni moshi wa machozi na mkono ulionyooshwa. Ana presha. Nilitaka aachwe na picha zake za mahafali.

Kijana akasema atampigia Jumapili amweleze.

Nikamwambia hapana.

"Nitampigia, mama mdogo. Sikuulizi. Nakwambia tu usije ukashtuka."

Nilikasirika. Wasomaji mliotarajia nifurahi, samahani; niligonga sufuria siku nzima. Ni jambo moja kutaka mtoto ajue kusema hapana kwa polisi wa Minneapolis, ni jingine kuisikia jikoni kwako. Jumapili ilipofika nilikaa chumba cha pili na mlango wazi.

Alimweleza vizuri, bila kuzunguka. Kukawa kimya. Kisha nikasikia sauti ya mama kwenye spika.

"Watakupeleka wapi?"

"Sipelekwi popote, nyanya. Ni polisi wa jiji. Nitalala hapahapa nyumbani."

"Polisi gani hapelekwi mbali? Binamu ya mamako mdogo hatumwoni."

"Huyo ni wa serikali. Huku kila jiji lina wake."

"Anayekulipa nani?"

"Jiji. Baraza la jiji ndilo linalopanga bajeti."

Kimya kingine.

"Baraza," mama akasema. "Basi sema kanjo, mjukuu wangu. Umesomea hesabu Amerika ukawe kanjo."

Kanjo kwetu ni askari wa baraza, wale wanaofukuza wachuuzi. Kijana akajaribu kumweleza. Akamwambia hawakimbizi wachuuzi, wanashika wezi, wanapeleleza mauaji, wanabeba silaha. Hilo la silaha lingebaki tumboni, kwa maoni yangu.

"Kanjo na bunduki juu!"

Walizungumza muda mrefu baada ya hapo, na sikusikia yote. Najua mama alimsimulia yale magari ya manispaa yaliyombebea karai lake na meza yake, mwaka ambao mimi nilikosa karo. Najua kijana hakumkatiza. Mwishoni aliahidi kwamba hatachukua karai la mtu, na kwamba akimwona mwenzake anachukua, atamwambia alirudishe. Mama akamuuliza atamwambiaje. Akamwambia kwa sauti, kama anavyotarajia kulisema.

Anaingia chuoni mwezi ujao. Mama amesema bado anafikiria kama atamwombea.